Nilihesabu Mapipa Matano, Nikasema Manane

Nina miaka arobaini na moja. Sina mume, sina mtoto, na tangu mwaka jana sina kazi. Naishi katika chumba kimoja hapa Katoro, nyuma ya mashine ya kusaga, na kuna majuma yanayopita bila mtu yeyote kuniita kwa jina langu...

Sisemi haya ili mnionee huruma, ndugu zangu wasomaji. Nikimaliza kusimulia, huenda wengi wenu mtasema nimepata ninachostahili. Nayaandika kwa mpangilio, jambo moja baada ya jingine, kama nilivyozoea kuandika kazini. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mimi niiteni Milembe.

Kwetu ni kijijini, Shinyanga. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikaachwa nikiwa na ishirini na tisa kwa sababu sikuzaa. Nilirudi nyumbani na sanduku moja, lakini wazazi walishafariki na nyumbani alikuwa anakaa mjomba wangu. Kukaa kwa mjomba ukiwa mtu mzima uliyeachika... wanaojua wanajua. Nilipopata kazi upande wa Geita nilishukuru Mungu, nikaondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege, cha changarawe, kilichozungukwa na mashamba ya pamba na mihogo. Kampuni moja ya ndege za kukodi ilikuwa ikipeleka na kuchukua watu wa migodini. Hakukuwa na mnara wa kuongozea ndege wala taa. Kulikuwa na soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma, kibanda cha bati na mapipa.

Nieleze hayo mapipa, maana ndiyo yaliyoniharibia maisha.

Pembeni mwa kiwanja, kutoka mwanzo hadi mwisho, yalipangwa mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe, kila baada ya mita mia moja pipa moja. Kazi yangu ilikuwa kusimama asubuhi kwenye ncha ya mbali, nikitazama nyuma kuelekea kwenye ndege, na kuhesabu mapipa ninayoyaona kwa macho yangu. Rubani naye, akiwa ncha ya kwanza, anahesabu ya upande wake. Ncha yangu ilikuwa karibu na lambo la maji, na wakati wa masika ukungu ulikuwa ukipanda kutoka kwenye lambo lile na kulala juu ya kiwanja kama pamba iliyomwagwa. Ilitokea mara nyingi upande wa rubani kukawa kweupe huku kwangu sioni hata miguu yangu!

Kanuni ya kampuni ilikuwa fupi. Ili ndege iondoke, rubani aone mapipa manane kwake na mimi nione manane kwangu. Ili ndege itue, mapipa hayatoshi. Kwa kutua ilitakiwa nione mnara wa simu ulioko juu ya kilima, kilometa tano.

Aliyenifundisha haya alikuwa rubani wetu, Kapteni Luhende, Msukuma mwenzangu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Nilipoanza nilimuuliza kwa nini kuondoka kunahitaji kuona kidogo na kutua kunahitaji kuona kwingi.

Akacheka. "Mayu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, kama tunavyowaita akina mama kwetu, "wakati wa kuondoka ardhi iko chini ya magurudumu yangu. Najua ilipo. Nataka tu nisitoke nje ya mstari. Wakati wa kurudi ardhi naitafuta. Ndiyo maana ndege inaweza kuondoka kwenye ukungu ambamo haiwezi kurudi. Ukishaondoka hapo, nyuma umefunga mlango. Kwa hiyo hayo mapipa yako yahesabu vizuri, usinihesabie kwa hisani!"

Akanifundisha na jambo la pili: nikishahesabu, niandike kwanza kwenye daftari, ndipo niseme kwenye redio. Alisema mkono hauna haraka kama mdomo. Nilishika hilo. Daftari langu lilikuwa safi kuliko daftari lolote kwenye kampuni ile: tarehe, saa, upepo, mapipa. Sikuwahi kufuta kitu.

Kapteni Luhende alikuwa mtu pekee aliyenijali pale. Akitoka kwake Shinyanga Mjini, mke wake, Mama Kulwa, aliyewahi kuja kiwanjani, alikuwa akimpa karanga za kukaanga aniletee. "Mama Kulwa anasema umekonda," angesema. "Mimi nimemwambia ni ukungu, mtu akiwa mbali anaonekana mwembamba." Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka jioni. Nani mwingine alikuwa ananitania?

Miaka sita ilipita hivyo. Asubuhi nasimama kwenye majani yenye umande na redio yangu ya mkononi, mchana nafyeka na kufukuza ng'ombe kiwanjani, jioni narudi Katoro kwa bodaboda, napika ugali wa mtu mmoja, nalala. Nisiwafiche... upweke ulikuwa umenikausha. Nilifika mahali nasalimia ng'ombe!

Ndipo akaja Deus.

Deus aliletwa kuwa mpangaji wa safari. Ofisi yake ilikuwa Geita Mjini, na kila asubuhi alinipigia simu kuuliza hali ya kiwanja. Mwanzoni yalikuwa mazungumzo ya kazi. Baadaye akaanza kuuliza kama nimekunywa chai. Baadaye akawa anapiga hata siku ambayo hakuna ndege. Mwanamke wa miaka thelathini na saba, ambaye kwa miaka minane hakuna mwanamume aliyemuuliza kama amekunywa chai... jamani, mnategemea nini?

Nilimpenda. Na yeye alisema ananipenda. Nilimwambia wazi kwamba sizai, akajibu kwamba yeye anatafuta mke, hatafuti wodi ya wazazi. Nililia kwa furaha. Tukakubaliana aende kwa mjomba kujitambulisha, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa nne. Mjomba alitenga mbuzi. Shangazi wawili walikuwa waje kutoka Isaka. Mimi nilishona nguo mpya, gauni la kitenge cha bluu. Kwa mara ya kwanza ukoo mzima ungejua kwamba Milembe hakutupwa!

Mwezi ule mvua zilikuwa nyingi na ukungu ulitutesa. Ndege ilichelewa mara mbili katika juma moja, na mara zote mbili ni mimi niliyesema mapipa hayatoshi. Lawama zilimwangukia Deus, kwamba hajui kupanga safari. Alinilalamikia kwenye simu. Nilimwambia, "Baba, ukungu sipangi mimi." Akakata simu bila kuaga, nikashinda na hofu siku nzima.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi.

Ndege ilikuwa imelala kiwanjani. Ilitakiwa kuondoka saa moja na nusu asubuhi, ikiwa na abiria mmoja tu, mhandisi kijana anayeitwa Gervas, aliyekuwa anawahi Mwanza ndege kubwa ya kwenda Dar es Salaam. Nilipokuwa napita kwenda ncha yangu nilimkuta amekalia begi lake, anakula muhogo.

"Shikamoo dada," alisema. "Leo tutaruka kweli, au tutaendelea kuhesabu mapipa?"

"Marahaba. Mapipa yakitaka, utaruka."

"Basi yaambie mimi ni mwenzao, na mimi nimepauka hivi hivi." Akajipangusa vumbi la changarawe usoni. Tulicheka wote, na Kapteni Luhende aliyekuwa anakagua mafuta akacheka pia.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Gervas kwangu.

Nilifika kwenye ncha yangu. Ukungu ulikuwa umelala mzito, unatembea polepole kutoka lamboni. Nilihesabu. Moja... mawili... matatu... manne... la tano lilikuwa kama kivuli. Baada ya la tano, ukuta mweupe. Nilisubiri kidogo, nikahesabu tena. Matano. Nikatoa daftari, nikaandika: saa moja na dakika ishirini, mapipa matano.

Kabla sijabonyeza redio, simu ikaita. Deus.

"Mangapi?"

"Matano."

"Milembe, usiniambie hivyo."

"Ni matano, Deus. Tusubiri. Saa tatu ukungu utakuwa umeondoka wote."

"Saa tatu mhandisi ameshaachwa na ndege Mwanza! Hii ni mara ya tatu. Bosi ameniambia ikichelewa tena nakaa ofisini Jumamosi na Jumapili nimwandikie maelezo. Sasa chagua. Unataka nije kwenu, au unataka nibaki Geita naandika maelezo ya ukungu wako?"

Nililikumbatia daftari kifuani.

"Kapteni upande wake anaona," aliendelea. "Ameniambia sasa hivi anaona tisa. Huko kwako ni kaukungu ka lambo, anapita kwa sekunde chache yuko juu. Manane, mama. Sema manane. Ni kitu gani, mapipa matatu tu!"

Nikatazama tena. Nilijilazimisha kuona. Nikajiambia pipa la sita linaanza kutokea... halikuwa linatokea! Nilichokuwa nakiona mbele yangu ni uwanja wa nyumbani kwetu, viti vimepangwa, mjomba amevaa koti lake, na mimi natoka ndani na gauni la bluu.

Redio ikakoroma. "Mayu, mangapi kwako?"

Nikabonyeza. "Manane, kapteni."

"Manane?" Alirudia, maana ndivyo ilivyokuwa desturi yake.

"Ndiyo. Manane."

"Haya, asante. Nakuja."

Wasomaji wangu, kati ya neno lile na mlio wa injini kupanda kulikuwa na muda. Nilikuwa na kidole kwenye redio. Ningeweza kusema subiri! Neno moja tu! Sikulisema.

Niliisikia ndege inakuja kabla sijaiona. Kisha nikaiona ghafla, imetoka kwenye weupe, haipo katikati ya kiwanja! Ilikuwa imeshaanza kwenda upande, kwa sababu alipoingia kwenye ukungu ule mnene alipoteza mstari. Gurudumu lilikuwa bado halijaachana vizuri na ardhi. Likagonga pipa. Nilisikia bati linalia, vipande vinaruka, na ndege ikapita juu yangu imeinama upande mmoja, ikamezwa na ukungu.

Haikuanguka hapo. Laiti ingeangukia hapo, pengine ningekufa nayo na hadithi ikaishia hapo.

Ilizunguka. Pangaboi la mbele lilikuwa limegonga kitu, injini ilikuwa inatetemeka na kulia kama mashine ya kukoboa iliyoingiwa na jiwe. Mwanza asingefika kwa injini ile, na hata kama huko kulikuwa na jua, halikuwa na msaada kwake. Alitaka kurudi. Na mimi nimesimama chini, natazama juu, naona nyeupe tupu! Mlio unapita kushoto kwangu, unazunguka, unarudi nyuma yangu. Mtu yuko juu ya kichwa chako na huwezi kumwonyesha mlango.

Redio ikaita. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko yangu.

"Mayu, kilima unakiona?"

"Sikioni, kapteni."

"Mapipa je?"

Safari hii sikuandika kwanza. "Moja," nilisema. "Naona moja tu."

"Sawa," alisema. Baada ya muda kidogo akasema tena, "Sawa, mayu."

Mlio ukashuka upande wa mashamba ya pamba. Halafu ukakatika.

Nilikimbia nikiita majina yao. Wakulima walishafika. Kapteni Luhende alitolewa akiwa hai, kichwa kimepasuka na mguu umevunjika mara mbili. Gervas alifia njiani kuelekea hospitali. Saa tatu kasoro, nikiwa bado nimekaa shambani na damu mikononi, ukungu ukainuka wote. Niligeuka nikaona kilima, mnara, mapipa yote. Asubuhi nzuri isiyo na wingu!

Jioni ile Deus alikuja. Nilidhani anakuja kunishika mkono. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwenye daftari uliandika mangapi?"

Nikamwonyesha. Matano.

Akashusha pumzi. "Basi umepona," alisema. "Na mimi nimepona. Redio zile hazirekodi. Wewe uliandika matano, ulisema matano. Mzee aliamua mwenyewe kuondoka. Usiongeze neno."

Wakaja wachunguzi wawili. Watu wa heshima, wapole. Walikaa na daftari langu kutwa nzima, wakalifungua ukurasa kwa ukurasa. Miaka sita bila kufutwa hata sehemu moja! Mmoja wao aliniuliza, "Hiki ulichoandika hapa ndicho ulichomwambia rubani?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Kapteni, kitandani hospitali, aliwaambia alisikia manane. Lakini alikuwa mtu aliyeumia kichwa, aliyelala siku tisa bila fahamu, ambaye mwanzoni hakukumbuka hata majina ya watoto wake. Wangemwamini nani? Waliliamini daftari. Ikaandikwa kwamba rubani aliambiwa matano akaondoka, na kwamba kumbukumbu zake haziaminiki. Alinyang'anywa leseni. Mtaani ikawa kwamba Luhende ndiye aliyemuua yule kijana kwa haraka zake.

Mnajua kampuni ilinifanya nini? Ilinisifu! Kwenye kikao cha wafanyakazi daftari langu lilipitishwa mkono kwa mkono, waangalizi wa viwanja vingine wakaambiwa, andikeni kama Milembe. Nikapigiwa makofi. Nilisimama pale nikitabasamu.

Jumamosi ya kujitambulisha ilipita. Deus alisema tusubiri msiba upoe. Kisha akasema tusubiri uchunguzi uishe. Uchunguzi ulipoisha alihamishiwa Dar es Salaam. Simu zikawa mara moja kwa juma, mara moja kwa mwezi. Siku moja mwenzangu wa ofisini alinionyesha kwenye simu yake picha za harusi... Deus na suti ya kijivu, na bibi harusi wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilipompigia alikuwa ameshanizuia namba. Mjomba aliniuliza kuhusu mgeni wake mpaka alipochoka. Lile gauni la bluu sikulivaa hata siku moja.

Mnadhani hapo ndipo niliposema ukweli? Hapana! Niliendelea. Asubuhi kwenye majani, mapipa, daftari, redio. Marubani wapya walikuwa vijana wasiozungumza na mimi zaidi ya namba. Nilizitaja namba za kweli, kila siku, kana kwamba namba elfu za kweli zingefuta moja ya uongo. Chakula kilinishinda, nikaacha kwenda kanisani, maana kwaya ilipoimba nilisikia injini. Hakuna upweke kama wa mtu anayesifiwa kwa jambo ambalo yeye peke yake anajua ni uongo.

Miaka mitatu ilipita.

Mwaka jana nilikwenda Shinyanga Mjini kununua vifaa vya kazi. Nikiwa sokoni, mtu akanishika bega. Nikageuka, alikuwa Mama Kulwa. Nilitamani anitukane. Badala yake alinikumbatia!

"Mwanangu Milembe! Umekonda kweli, na leo hakuna ukungu wa kusingizia." Macho yake yalikuwa yamechoka. "Mungu amenikutanisha na wewe. Nina shida, na wewe ndiye wa kunisaidia. Twende nyumbani."

Njiani, ndani ya bajaji, alinieleza. Mguu wa mzee ulishapona. Daktari alisema hata kichwa kimepona. Lakini mwenyewe hakiamini. Alisema kama kichwa chake kiliweza kutunga namba ambayo haikusemwa, kikaisikia na sauti yake kabisa, basi kinaweza kutunga chochote. Akaacha kuendesha gari. Akaacha kuvuka barabara peke yake. Alikuwa na daftari alilokuwa anaandika kila kitu: nimemeza dawa, nimefunga geti, nimeongea na Kulwa. Na kila asubuhi, ndugu zangu, kila asubuhi alimuuliza mke wake, "Hivi niliambiwa mangapi?"

"Namwambia ni matano, mzee, imeandikwa," Mama Kulwa alisema. "Anatulia kidogo, kesho anauliza tena. Sasa wewe ulikuwepo. Sauti ilikuwa yako. Mwambie wewe mwenyewe, mbele ya macho yake, kwamba ni matano. Akilisikia kwako atakubali, na roho yake itapumzika. Nifanyie hivyo, mwanangu."

Mnaona mtego huo? Niliombwa kwa machozi, na mke wake mwenyewe, nirudie uongo wangu kama dawa! Ningesema neno moja, matano, wakanishukuru, nikanywa soda, nikarudi Katoro na heshima yangu yote.

Tulimkuta amekaa kwenye veranda, mwembamba, nywele zimekuwa nyeupe zote. Daftari likiwa magotini.

"Shikamoo kapteni."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Wewe ni Milembe. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Mimi siku hizi nauliza kwanza." Akatabasamu kwa aibu, yule mtu aliyekuwa anatania kiwanja kizima! "Kaa. Mama Kulwa amekuleta kwa ajili yangu, najua. Basi niambie, mayu. Usinifichie kwa huruma. Siku ile uliniambia mangapi?"

Mama Kulwa, nyuma ya kiti chake, alinitikisia kichwa: sema.

Nikapiga magoti kwenye sakafu.

"Nilikuambia manane, kapteni."

Akainama kunielekea.

"Rudia."

"Manane. Ukaniuliza, manane? Nikasema ndiyo, manane. Ukasema asante, nakuja. Nilikuwa nimehesabu matano. Niliandika matano, nikasema manane."

"Unasema nini wewe mwanamke?" Mama Kulwa alipiga kelele. "Nimekuleta umponye, unakuja kumchanganya?"

Lakini mzee alikuwa ameinua mkono. "Asante, nakuja," alisema polepole. "Nilisema hivyo. Ndiyo. Nilisema hivyo! Mama Kulwa, umesikia? Hayo maneno sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nayasikia peke yangu, nikajua ni ya uongo... Mama Kulwa! Kichwa changu ni kizima! Miaka yote hii kichwa changu ni kizima!"

Akalia. Sijawahi kuona mwanamume analia vile, analia huku anacheka, amemshika mke wake kiunoni kama mtoto. Daftari lilianguka chini, hakuna aliyeliokota.

Alipotulia aliniuliza kwa nini. Nikamweleza yote: simu, Deus, Jumamosi, mjomba, shangazi kutoka Isaka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilikuwa nimezoea macho yake ya utani. Yale yaliyonitazama siku ile sikuwahi kuyaona.

"Kwa hiyo Gervas amekufa," alisema, "ili mbuzi wa mjomba wako asisubiri juma moja."

Mngenijibia nini?

"Ungenidanganya asubuhi ile tu, ningekusamehe kabla jua halijazama. Binadamu anateleza. Lakini uliniacha nikiwa nimelala nimefungwa bandeji, nawaambia watu ukweli, ukakubali waseme mimi ni kichaa." Akaokota daftari, akachana ukurasa safi, akanipa na kalamu. "Andika. Kisha uondoke, Milembe. Usirudi tena hapa."

Hakuniita mayu.

Niliandika pale pale, ukurasa mbele na nyuma, Mama Kulwa akashuhudia. Karatasi ile niliipeleka mwenyewe kwa wahusika. Nilihojiwa mara tatu. Kazi ilikwisha siku hiyo hiyo, na shauri langu bado linaendelea. Deus alipotafutwa alisema hakumbuki kunipigia simu. Nilikwenda pia kwa wazazi wa Gervas. Baba yake alinisikiliza nikiwa nje ya geti, akasema, "Tumesikia," akalifunga. Mjomba ameniomba nisiende nyumbani kwa sasa, watoto wake wanataniwa shuleni.

Nasikia Kapteni Luhende ameandikiwa barua ya kusafishwa jina. Nasikia anaendesha gari tena, anampeleka Mama Kulwa sokoni mwenyewe. Hilo ndilo jambo pekee linalonifanya nilale. Mengine yote nalala nayo macho.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi! Mnaofanya kazi ya kusema mlichokiona, nesi anayepima, fundi anayekagua, karani anayehesabu, msikubali mtu awaongezee hata kidogo kwa jina la mapenzi. Anayekupenda hawezi kukuomba macho yako. Na wewe uliyekwisha kusema uongo, ambaye makaratasi yanakulinda kama yalivyonilinda mimi, usisubiri miaka mitatu. Mimi nilidhani nikinyamaza nitapoteza usingizi tu. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine, kwenye veranda fulani, kila asubuhi anapoteza akili zake kwa sababu ya ukimya wangu.

Nenda leo. Kama unaweza, nenda sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu... Watakufukuza, najua. Nenda hivyo hivyo.